Aliyelala Nyuma ya Kioo

Kazi yangu ni kutembeza wageni Mji Mkongwe na kuwaeleza vitu: mlango huu una maana gani, misumari ile ya shaba ilikuwa ya nini, dirisha lile kwa nini limezibwa. Ninachokijua nakieleza. Nisichokijua nakieleza vilevile, tena kwa sauti kubwa zaidi, maana mgeni hakupanda ndege mbili ili aje aambiwe "sijui". Nasema haya mapema ili ijulikane ni mtu wa aina gani aliyepewa karatasi ile aisome.

Karatasi ilitoka nyuma ya kioo. Mamangu anakaa Kikwajuni, na chumbani kwake ana meza ya kioo aliyoirithi kwa mamake, meza nzito yenye miguu iliyopinda ambayo kila tulipohama ilitugombanisha na wachukuzi. Kioo chake kilikuwa kimeliwa na unyevu mpaka mtu akijitazama anaona bega na nusu ya sikio. Mama hakulalamika, kwa sababu macho yake nayo yalikuwa yamekwisha. Alikuwa na mtoto wa jicho kulia na kushoto, na kwa jinsi alivyoahirisha kwenda kutibiwa, mtoto huyo alikuwa ameshakuwa mtu mzima. Aliyelalamika ni dada yangu, ambaye ameolewa Matemwe na huja mjini mara kwa mara kukagua tunavyoishi. Akasema kioo kile ni aibu. Nikakipeleka kwa fundi.

Fundi alipobandua ubao wa nyuma akakuta karatasi iliyokunjwa ikakunjwa tena, imelala baina ya ubao na kioo. Akaikunjua, akaitazama kidogo, akanipa.

"Kuna mtu wenu humu," akasema, akaendelea na kazi yake.

Ilikuwa picha ya penseli. Mtu amelala ubavu wa kulia juu ya kitanda cha kamba, mkono chini ya shavu, macho yamefumba. Amefunikwa kanga kuanzia shingoni, na pindo la kanga limechorwa kwa uangalifu kuliko uso. Kichwani amefungwa kitambaa kilichopita chini ya kidevu na kupigwa fundo utosini. Upande mmoja wa uso ulikuwa umejaa kuliko kawaida. Nikadhani mchoraji amekosea. Jina la mchoraji hakuna. Karatasi ilikuwa imeiva rangi ya chai ya maziwa, lakini penseli ilikuwa bado kali, maana haijawahi kuona jua.

Nikampelekea mama. Alikuwa amekaa uani, mahali anapokaa siku zote, hana analofanya. Zamani alikuwa akishona kofia. Macho yalipokataa, akabaki kuwasikiliza wanaoshona na kuwakosoa kwa kuisikia tu sauti ya sindano. Nikamwambia kumetoka picha nyuma ya kioo. Akainua kichwa.

"Picha ya nani?"

"Ya mtu kalala."

"Mwanamme au mwanamke?"

"Mwanamke," nikasema, kwa kuwa nimeona kanga.

"Kijana au mzee?"

"Kijana."

"Mzuri?"

Nikaitazama tena ile karatasi. Palikuwa na mistari miwili ya macho, pua ya mstari mmoja, na mdomo ambao nusu yake umeliwa na mto.

"Mzuri khasa," nikasema. Ni mazoea ya kazi. Angeniuliza kama ana hereni ningempa.

Mama akajifuta viganja kwa kanga. Kisha akanyoosha mikono yote miwili, kama mtu anayepokea mtoto mchanga, nikamwekea karatasi humo.

"Basi ndo mamangu huyu," akasema.

Hapo nikajua nimefanya jambo kubwa kuliko nilivyokusudia. Mamangu hajawahi kumwona mamake. Yaani alimwona, lakini hakumbuki. Bibi alifariki mama akiwa bado ana meno ya utotoni, na picha hakuacha. Siku zile kupigwa picha ilikuwa safari: uvae, utoke, ukae mbele ya mwanamme usiyemjua akwambie usitikisike, na babu hakuwa mtu wa kumtoa mkewe kwa jambo kama hilo. Mama akalelewa na shangazi yake, mwanamke mwema aliyekuwa na jibu moja tu kwa kila swali: "Mamako alikuwa mtu wa watu." Mtoto anaulizia pua, anajibiwa tabia. Alichokusanya mama kwa maisha yake yote ni kwamba mamake alikuwa mfupi, hapendi kuamshwa, hakupata mtoto mwengine, na alikuwa akichora kofia.

Hili la kofia nilieleze, kwa kuwa hata wanaozivaa hawalijui. Kofia zetu za mkono zina wanawake wawili. Mmoja huchukua kitambaa cheupe na penseli, akakikunja apate katikati yake, akakijaza maua na vitobo vidogo vidogo vya duara, mstari kwa mstari. Mwengine ndiye anayeshona, wiki baada ya wiki, akiifuata ile penseli kila inakokwenda. Kofia ikimalizika inafuliwa, na penseli inatoka yote. Anayevaa anasifiwa kwa kupendeza, anayeshona anasifiwa kwa mkono wake, na anayechora kazi yake imekwenda na maji ya sabuni. Za bibi zote zilikwenda hivyo.

Tangu siku ile mama akawa ananiita kila nikirudi kazini. "Naam," naitika, najua ninachoitiwa. "Nisomee tena." Nami namsomea: mkono uko hapa, kanga iko hapa, nywele nyeusi, uso umetulia. Siku moja akaniuliza kama mamake anafanana naye. Nikasema ni yeye mtupu. Akaniuliza kama anafanana na dada. Nikasema kidogo, kwenye paji, kwa sababu dada naye ni mtoto na haifai kumnyima.

Kisha akasema, bila kubembelezwa na mtu, "Mie nnakwenda kufanya macho."

Tulikuwa tumemwomba miaka. Tulimletea watu waliofanya wakapona, wakamsimulia. Akawapa chai wakaondoka. Alikuwa akisema aliyoyaona duniani yanamtosha. Sasa akatafutiwa siku hospitali, akawa anaihesabu kama anayengojea kuolewa. Alitaka jambo moja tu, na hakulificha: jicho likifunguka, amwone mamake.

Nikampelekea salamu mjomba wangu. Ni kakake mama kwa baba, mtoto wa mke mwengine aliyekaa nyumba yake, na ndiye mtu pekee aliye hai aliyemwona bibi akamkumbuka. Alikuja siku ileile, na fimbo yake na miwani miwili, moja ya mbali na moja ya karibu. Akaitazama picha kwa ile ya mbali.

"Ndiye?" nikamuuliza.

"Ntajuaje mie?"

"Si ulimwona?"

"Nimemwona sana. Kwani mtu mwenye adabu anamkodolea macho mke wa babake? Nakumbuka mkate wake wa mchele. Hapa mkate siuoni."

Akavaa miwani ya karibu. Akaisogeza karatasi, akairudisha nyuma, kisha uso wake ukabadilika. Akanishika mkono, akanitoa mpaka barazani, mama asisikie.

"Mjomba," akaninong'oneza, maana naye huniita hivyo hivyo, "huyu maiti."

"Maiti?"

"Kidevu kimefungwa. Nani anafungwa kidevu?"

Mtu yeyote aliyewahi kukaa na mgonjwa mpaka mwisho wake anajua: roho ikitoka, macho hufumbwa na kidevu hufungwa kitambaa, mdomo usije ukabaki wazi. Nimeyafanya mwenyewe kwa babangu. Nilikuwa nimemsomea mama picha ile kila siku, na kile kitambaa sikukitilia maanani.

"Lakini kalala ubavu," nikasema. "Mkono chini ya shavu. Watu wanalala hivi."

"Ubavu gani?"

"Wa kulia."

"Umeona? Kaelekezwa kibla."

"Kibla cha kwenye karatasi umekijuaje?"

Aliketi, akaweka fimbo baina ya magoti, akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayejiandaa kumtahiri mtu.

"Haya, tuseme kalala," akasema. "Tuseme mzima, kalala zake. Nani kamchora?"

Akagonga fimbo sakafuni mara moja.

"Babangu mie alikuwa hawezi kuandika hata herufi ya alif ikasimama. Sasa mke wa mtu yumo chumbani, kajilaza, na kuna mtu kamkalia na penseli, anamtazama mpaka kammaliza. Nambie, mjomba. Nani huyo?"

Nikaelewa. Ikiwa amekufa, ni msiba. Ikiwa amelala, ni fedheha. Mjomba alikuwa amepima yote mawili, na kwa heshima ya nyumba ya babake akaona heri bibi awe amekufa.

"Na maiti nani alimchora?" nikamuuliza.

"Daktari."

"Daktari achore maiti kwa nini?"

"Madaktari wanaweka kumbukumbu," akasema, na akasimama ili mazungumzo yaishe. Alitaka picha izikwe. Akaongeza kwamba malaika hawaingii nyumba yenye picha. Hapo simu ikamlilia mfukoni, akaitoa, na kwenye kioo chake wakaonekana wajukuu zake watatu wamevaa sare za harusi. Akapokea.

Dada yangu alikuja Ijumaa. Mwanamke huyu hajawahi kutazama kitu akasema hajui, na katika hilo hatupishani, ila yeye halipwi. Akaishika picha kwa ncha za vidole, akaitazama kwa muda wa kumeza mate.

"Jino," akasema.

"Jino?"

"Kaumwa jino, kajifunga, kalala. Mie jino langu la mwisho lilipokuwa linatoka nilijifunga hivi hivi siku chungu nzima, na mume wangu hakunizika."

"Jino halimfanyi mtu akachorwa," akasema mjomba, aliyekuwa amekuja tena kuhakikisha picha imezikwa.

"Na maiti hajitafutii raha. Maiti analazwa chali, ananyooshwa. Huyu kajikunjia mkono chini ya shavu mwenyewe. Maiti gani anataka mto?"

"Kabla hajakakamaa."

"Mjomba, ushamwosha maiti mwanamke weye?"

"Astaghfirullah."

"Mie nshawaosha. Basi nyamaza."

Mjomba hakunyamaza. Akauliza tena swali lake la nani alikuwa chumbani, na hapo dada naye akapunguza sauti. Akasema labda babu alikuwa na siri yake, alijua kuchora. Mjomba akasema babake hakuwa na siri, alikuwa na duka. Wakahamia kwenye kivuli. Dada akaona kivuli cha kitanda kimeangukia huku, kwa hiyo dirisha liko kule. Mjomba akaikumbuka nyumba ya zamani kule Malindi, hapa hapa mjini, akasema dirisha la chumba kile lilitazama baharini. Wakaizungusha karatasi mezani kutafuta kaskazini mpaka wakafikia kwamba bibi, mzima au maiti, alilala na miguu yake kibla. Hilo likawaudhi wote wawili sawasawa.

Mimi nilikuwa na hofu yangu mwenyewe. Nilimwambia mama uso umetulia. Nilimwambia mzuri khasa. Sasa mama anakwenda kukatwa jicho, bibi kizee wa watu, kwa ajili ya maneno yangu, na akifumbuliwa kitu cha kwanza atakachokitaka ni karatasi ile. Mtu asiyewahi kumwona mamake hata mara moja, akutane naye amefungwa kidevu. Nilikuwa silali vizuri, na niseme wazi, nilikuwa nalia bafuni na maji nimeyafungulia.

Tukakubaliana, sote watatu, kwa mara ya kwanza: picha ipotee. Tungesema panya. Nyumba za Kikwajuni hakuna anayebisha panya. Dada akapewa kazi ya kuichukua, kwa kuwa ndiye anayeingia chumbani kwa mama bila kubisha hodi. Akaingia, akakaa kidogo, akatoka mikono mitupu.

"Iko wapi?"

"Kailalia."

Mama alikuwa ameitia ndani ya foronya ya mto wake, na juu yake ameweka kichwa. Watu wazima watatu, mmoja mwenye fimbo, tulisimama mlangoni tukamtazama mwanamke wa kilo arubaini na kitu, na hatukuthubutu. Akaenda nayo mpaka hospitali.

Upasuaji wenyewe sina la kuusimulia; tuliokuwa nje ndio tulioumwa. Kesho yake muuguzi alibandua pamba ya jicho la kulia, mama akapepesa, akanitazama mimi niliyekuwa mbele yake.

"Umezeeka," akasema.

Akamgeukia mjomba. "Na weye kaka ushakwisha kabisa."

Dada akajificha nyuma yangu. Mama hakuitaka picha pale. Alisema taa za hospitali si za kutazamia kitu cha maana. Tulirudi nyumbani kwa gari, kila mmoja anapanga atakavyomshika akianguka. Mjomba alikuwa na chupa ya maji ya kunywa aliyoifungua na kuifunga njia nzima.

Akakaa uani, mahali pake, mwanga wa saa nne umemwagika vizuri. Akaitoa karatasi kwenye foronya, akaikunjua. Hakuitazama kama tulivyoitazama sisi. Sisi sote tulianza usoni. Yeye aliileta karibu na pua, akatafuta mahali mikunjo miwili inapokutana, katikati kabisa, akaanza hapo. Akaenda nje kidogo kidogo, akiizungusha, kidole kinatembea juu ya mistari bila kuigusa. Nilimwona akifanya hivyo na vitambaa vya kofia utotoni mwangu kabla hajatia uzi. Ilichukua muda mrefu. Mjomba alikwishafungua chupa, anangoja aanguke.

"Nyie mlisoma nini humu?" akauliza mwishowe.

Akaninyooshea kidole mimi.

"Weye umenambia mwanamke."

"Ndiyo mama. Kanga..."

"Kanga hii naiona pindo la juu shingoni. Na pindo la chini naliona hili hapa, limekunjwa chini ya miguu, na bado limebaki. Kanga moja, imewekwa kwa upana, imemfunika mtu toka shingo mpaka nyayo na ikakunjwa. Nyie mmezaliwa wapi? Kanga moja inamfunika mtu mzima namna hiyo?"

Dada yangu, ambaye ana kanga za kujaza sanduku, alitazama chini.

"Huyu mtoto," mama akasema. "Mtoto mdogo. Na kidevu hakufungwa kwa kufa, kaka, usinitolee macho, nimekusikia ukinong'ona barazani. Macho yalikuwa mabovu, masikio hayakuwa. Tazama shavu hili lilivyovimba. Matumbwitumbwi haya. Wamemfunga chumvi ya moto ndani ya kitambaa."

Mjomba akaweka chupa chini, akavaa miwani ya karibu juu ya ile ya mbali. "Mtoto gani sasa?" akauliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Nyumba ile ilikuwa na mtoto mmoja. Shangazi alinihadithia mpaka nikachoka: uliumwa matumbwitumbwi mpaka tukakukatia tamaa, mamako hakubanduka." Akageuza karatasi tuione. "Na hizi nywele. Mliona nyeusi tu. Zitazameni."

Tukainama vichwa vitatu. Weusi wa nywele haukupakwa. Ulikuwa duara ndogondogo, kila moja imefungwa, mstari chini ya mstari, hakuna iliyomgusa mwenziwe. Kivuli cha chini ya kitanda, kile kilichotugombanisha, kilikuwa hivyo hivyo. Pindo la kanga halikuwa pindo la kanga yoyote duniani. Lilikuwa ua la kofia. Hata mikunjo ya karatasi, ambayo mjomba alisema ni ya mtu anayeficha jambo, ilikuwa mikunjo ya mchoraji anayetafuta katikati kabla hajaanza.

"Hivi ni vitobo," mama akasema. "Huyu alikuwa hajui kuchora kitu chengine. Kachora mtu kama anavyochora kofia."

Penseli ilikuwamo ndani ya nyumba siku zote, mkononi mwa bibi mwenyewe, na hatukuwa tumemfikiria kwa sababu kazi yake hatukuwahi kuiita kuchora. Mjomba alishusha pumzi ndefu. Hakukuwa na mwanamme chumbani. Heshima ya babake ilikuwa imerudi nzima, akaomba chai.

Lakini mama alikuwa ameilaza karatasi mapajani na uso wake haukuwa na furaha.

"Basi si yeye," akasema.

Dada akaanza maneno: ni mkono wake mama, ni kazi yake, ni jambo kubwa hili. Mama akamwacha amalize.

"Nimekwenda kukatwa jicho nimwone mamangu," akasema, "nimefumbua, najiona mwenyewe."

Akaingia chumbani. Siku hiyo hakula, na ya pili alikula kwa kuturidhisha. Niliwahi kumwona mama akifiwa na mume, na hakuwa hivi. Mtu huyu alikuwa amefiwa na mama miaka zaidi ya sabini baada ya watu kumaliza matanga. Nilikwenda kazini nikamweleza mgeni mmoja mlango, akaniuliza mlango huo una umri gani, nikamwambia sijui. Akanitazama kama niliyemwibia.

Wiki ile haijesha, baada ya alasiri, mama akaniita. "Naam," nikaitika kwa mazoea, nikijua safari hii si kusomewa. Nikamkuta uani amekitoa kitanda cha kamba, kile tunachoanikia nguo, amekifuta na kuweka mto. Karatasi alikuwa nayo mkononi.

"Aliyechora alikaa wapi?" akaniuliza.

"Wapi vipi?"

"Weye si unawaeleza watu majumba? Nieleze hii. Mie ntalala, nawe utafute, mpaka unione nilivyo hapa kwenye karatasi."

Akapanda kitandani polepole, akalala ubavu wa kulia, akaweka mkono chini ya shavu. Akavuta kanga mpaka shingoni. Ilimwishia juu ya vifundo vya miguu. Akafumba macho. Nikabaki nimesimama na picha, mwanamme mwenye ndevu za mvi, natafuta pa kuwa.

Nikasimama miguuni kwake. Nyayo zake zilinijaa machoni, na kwenye picha miguu iko mbali. Nikaenda upande wa kichwa. Nikisimama naona sikio na utosi. Kwenye picha linaonekana tundu la pua. Nikavuta kigoda nikakaa. Bado nilikuwa juu. Kwenye picha ukingo wa mto unakata nusu ya mdomo. Nikakisukuma kigoda, nikakaa chini kwenye sakafu, nikajikokota mbele. Mto ukapanda, mdomo ukaanza kuzama. Nikasogea tena. Magoti yangu yakagonga ubao wa kitanda, na hapo kila kitu kikakaa mahali pake: pua, mto, mkono, miguu kule mbali midogo. Pumzi yake nilikuwa naisikia usoni mwangu.

"Hapa," nikasema. Sikuhitaji kupaza sauti.

"Una hakika?"

"Nina hakika, mama. Hakuna pengine."

Akafumbua macho. Jicho lake jipya lilikuwa safi kabisa, na lilikuwa karibu mno. Sidhani kama nimewahi kuwa karibu hivyo na uso wa mamangu tangu niachishwe ziwa. Alinitazama. Alitazama hapo nilipo, na niliona kwamba haangalii ndevu.

"Kumbe alikuwa karibu hivi," akasema.

Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu niliyojua la kusema nikaliacha.

Mama akauvuta mkono chini ya shavu, akaunyoosha mpaka ukagusa goti langu, ukabaki hapo.

"Shikamoo, mama," akasema.

Sijawahi kuamkiwa na mamangu. Hakuna mtoto anayeamkiwa na mamake. Ni jambo ambalo ukilisikia unatazama nyuma uone anaambiwa nani. Nyuma yangu palikuwa na ukuta na kamba ya nguo. Na nimefundishwa, na yeye mwenyewe aliyelala pale, kwamba shikamoo haiachwi bila kuitikiwa.

"Marahaba, mwanangu," nikasema.